Fedha huja na korosho, homa huja na mvua

Anayetaka kujua kwa nini zahanati ya kijijini Tandahimba au Nachingwea huyumba mwezi wa Aprili asianzie zahanati. Aanzie ghalani, mwezi wa Oktoba, siku ya mnada wa kwanza wa korosho. Siku hiyo ndiyo fedha ya halmashauri, yaani ushuru wa zao hilo, huanza kuingia. Minada huendelea wiki baada ya wiki hadi Desemba, mara nyingine Januari, kisha ghala hufungwa, wanunuzi huondoka, na mapato ya ndani hupungua mpaka msimu mwingine.

Mvua zetu za kusini nazo zina msimu mmoja tu. Huanza kudondoka mwishoni mwa mwaka, zikakolea kati ya Januari na Aprili, na nyuma yake hufuata homa. Machi hadi Juni ndiyo miezi ambayo akina mama hubeba watoto wenye malaria, barabara za udongo hugeuka tope, akiba ya nyumbani huwa imekwisha, na gari la wagonjwa hukwama huku mafuta yake yakihesabiwa lita kwa lita. Fedha inakuja wakati mmoja wa mwaka, ugonjwa unakuja wakati mwingine. Halmashauri zetu zinapanga bajeti ya afya kana kwamba jambo hilo halipo.

Hoja yangu ni kwamba halmashauri za Mtwara na Lindi zipange huduma za afya kwa kufuata kalenda ya korosho na mvua, na kwamba hilo linawezekana bila kusubiri sheria mpya wala fedha mpya kutoka Dodoma.

Nianze na ukubwa wa tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kiwango cha malaria kwa watoto walio chini ya miaka mitano nchini kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 8. Hiyo ni kazi kubwa na waliohusika wanastahili pongezi. Lakini mkoa wa Mtwara ulisimama kwenye asilimia 20, ukiwa wa pili kutoka juu, nyuma ya Tabora yenye asilimia 23. Mtoto mmoja kati ya watano. Wala si kwamba kusini ilisahauliwa katika vyandarua. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia wanafunzi wa shule ulianzia huku huku mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, kabla ya kupelekwa kwingine. Kama miaka karibu kumi ya vyandarua vya shule imetuacha hapo, basi kuna sehemu ya kazi ambayo chandarua hakiwezi kuifanya peke yake, na sehemu hiyo kwa kiasi kikubwa iko mikononi mwa halmashauri: mitaro, madimbwi, usafi wa mazingira, maofisa afya wa kata, na dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu.

Tuitazame hiyo dawa ya viluwiluwi kwa makini, maana inaonyesha suala la kalenda kuliko kitu kingine chochote. Nchi yetu ina kiwanda chake cha viuadudu vya kibayolojia pale Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zote zinunue dawa hiyo na kuitumia. Tangu hapo imekuwa ikinunuliwa kwa kusuasua, mwaka huu ipo, mwaka ujao haipo. Ila hata inaponunuliwa kuna swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwa sauti kwenye vikao vya baraza: inapulizwa mwezi gani? Wataalamu wa mbu wanasema dawa hii hufanya kazi vizuri pale mazalia yanapokuwa machache, yanayodumu mahali pamoja na yanayoonekana kwa urahisi. Kwetu hiyo ni kiangazi. Oktoba na Novemba maji yaliyosimama yanahesabika: visima vifupi vya mabondeni, madimbwi ya bustani kando ya Lukuledi na Mbwemkuru, mitaro iliyoziba mjini. Ofisa afya anayeijua kata yake anaweza kuyataja moja moja. Ikifika Machi kila unyayo wa ng'ombe una maji na kila shimo la udongo wa kufyatulia tofali limekuwa bwawa. Ukipuliza wakati huo unatapanya dawa na mshahara.

Kwa hiyo kazi hii moja, kati ya kazi zote za afya ya jamii, wakati wake sahihi ndio huo huo ambao fedha ya korosho inaingia. Ni bahati iliyoje! Halmashauri ya Newala au ya Masasi haihitaji hata kuweka akiba. Inahitaji tu kuipa dawa hiyo nafasi ya mbele katika foleni ya malipo ya mnada wa kwanza na wa pili.

Na hiyo foleni ndiyo penye mvutano. Oktoba hadi Januari ndiyo miezi ambayo kila mwenye dai kwa mkurugenzi huja mlangoni. Kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ni ya kisheria. Kuna wakandarasi na wazabuni wa mwaka uliopita. Na kuna madarasa. Kila mwaka Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaripoti, na kila mwaka kuanzia Novemba wilaya nzima inakimbizana na matofali, mabati na madawati. Sina neno na madarasa. Mtoto lazima akae mahali. Lakini darasa lina tarehe ya mwisho inayojulikana na mkuu wa wilaya anayekuja kukagua. Dimbwi halina mkaguzi. Matokeo yake, fedha ambayo ingezuia homa ya Aprili inakwisha kabla ya Krismasi kwa mambo ambayo nayo ni ya lazima, na hakuna mtu aliyefanya kosa linaloweza kuandikwa kwenye ripoti.

Wapo watakaosema kwamba mapato ya ndani ni sehemu ndogo tu ya fedha za afya. Ni kweli, na ni vizuri tuelewane hapa. Mishahara ya waganga na wauguzi inatoka Hazina. Dawa nyingi zinatoka Bohari ya Dawa. Fedha za mfuko wa pamoja wa afya, tangu mwaka wa fedha 2017/18, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo bila kupitia akaunti ya halmashauri, na hayo yalikuwa mageuzi ya maana sana. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, zilihamishiwa Wizara ya Afya kwa agizo la mwishoni mwa 2017. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, yaani mahali ambapo wengi wetu tunatibiwa. Lakini fedha nyingine zote hizo zinakuja kwa ratiba ya mtu mwingine. Fedha ya ndani, hata iwe ndogo, ndiyo pekee ambayo baraza la madiwani linaweza kuamua itumike lini. Udogo wake ndio sababu ya kuchagua kwa uangalifu mwezi wa kuitumia.

Tena hakuna kikwazo cha mwaka wa fedha. Mwaka wa Serikali huanza Julai na kuishia Juni. Mnada wa Oktoba na homa ya Machi vyote vimo ndani ya mwaka mmoja. Kinachohitajika ni baraza kupitisha mgawanyo wa matumizi wa mwezi kwa mwezi, likisema wazi kwamba kiasi fulani cha ushuru wa korosho kitatengwa kwa ajili ya miezi ya mvua, na kwamba hakitaguswa hata kama kuna mgeni anakuja kuzindua jengo.

Ushuru wenyewe tuukumbuke unatoka wapi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliushusha kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3 ya bei ya shambani. Mlipaji kwa mujibu wa sheria ni mnunuzi, ingawa mkulima yeyote wa korosho atakwambia kwamba mnunuzi huupiga hesabu kabla ya kuandika bei yake. Chukua mfano wa familia inayopeleka kilo 500 ghalani, bei ikiwa Sh3,000. Ushuru wa halmashauri kwa mzigo huo ni Sh45,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wa kaya ya watu hadi sita uliwekwa Sh30,000 kwa mwaka. Yaani korosho ya familia hiyo ilikwisha kuiingizia halmashauri fedha inayozidi kadi ya matibabu ya nyumba nzima, na bado mwezi wa Aprili baba wa familia hiyo anasimama dirishani akiulizwa kadi iko wapi. Sisemi ushuru ugeuzwe bima. Nasema tu kwamba anayelaumu wakulima wa kusini kuwa hawachangii afya zao afanye hesabu hiyo kwanza.

Na hata hiyo kadi, ilikuwa inauzwa lini? Waandikishaji walikuwa wakipita vijijini mwaka mzima, wakigonga milango Februari na Machi kwa watu ambao wakati huo wanakula mihogo na kusubiri. Mwezi wa Novemba mtu huyo huyo alikuwa na laki kadhaa mkononi. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kiasi chochote cha mchango kitakachokuwapo, kwa mkulima wa Liwale au Nanyumbu swali la lini litabaki kuwa kubwa kama swali la kiasi gani. Mahali sahihi pa kumwandikisha ni kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, siku malipo ya korosho yanapotoka. Kwa hiari yake, kwa saini yake mwenyewe, si kwa makato ya kimya kimya. Wakulima wetu wamechoshwa na makato ambayo hawakuyaomba, na bima ikiingia kwa mlango huo itachukiwa kabla haijatibu mtu.

Lipo jambo lingine ambalo takwimu za afya haziwezi kulionyesha, nalo ni kangomba. Kila mwaka viongozi wanaipiga vita biashara hii ya kununua korosho kwa mkulima kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Wanakamatwa watu, zinatolewa hotuba. Lakini ukikaa na mkulima aliyeuza akakueleza bila woga, mara nyingi utasikia kisa cha hospitali. Mtoto aliugua mwezi wa Mei, mama alijifungua kwa upasuaji, ilibidi kukodi gari kwenda Ndanda au Nyangao, kwenye hospitali za misheni ambako kuna huduma lakini kuna gharama. Mikorosho ikiwa bado haijatoa ua, mazao yake yamekwisha kuuzwa. Oktoba ikifika, jirani anapokea bei ya mnada, yeye analipa deni. Homa ambayo ingezuiwa Novemba kwa fedha kidogo imekula msimu mzima wa familia. Kwa sababu hiyo naamini mapambano dhidi ya kangomba yanahitaji kuanzia zahanati kama yanavyoanzia polisi.

Kwenye barabara sitakaa sana, kwa kuwa kila anayeishi huku anajua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zilizotangulia, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa, na mikoa yote miwili ikawa kama kisiwa kwa siku kadhaa. Ghala la Bohari ya Dawa la kanda liko Mtwara mjini, na hilo ni jambo jema, maana dawa zilizokwisha kufika kule haziathiriwi na kukatika kwa barabara huko Kilwa. Zinazobaki nyuma ni zile ambazo vituo havijaagiza. Kituo cha Liwale kinachoagiza dawa za malaria na za kuongeza damu kwa kiwango cha Januari kitaishiwa Machi, wakati gari halipiti. Hapa fedha iliyotengwa mapema inamaanisha kitu kinachoshikika: maboksi ya dawa mseto yaliyofika kabla ya tope, kupitia Bohari au kupitia mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, pale Bohari inapokosa.

Vivyo hivyo kwa usafiri wa akina mama. Mfumo wa m-mama, wa kupiga 115 bila malipo na kupelekewa gari la wagonjwa au dereva wa jamii, umesambazwa nchi nzima na nauona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyofanywa katika afya ya uzazi. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka katika vipimo vya kitaifa kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Lakini dereva wa jamii analipwa kwa safari. Akikaa muda mrefu bila kulipwa, simu inayofuata ataipokea kwa shingo upande, na mama wa kitongoji cha mbali hana namba nyingine ya kupiga. Malipo ya dereva huyo yanapaswa kuwa deni la kwanza la mwezi wa mvua, si la mwisho.

Wilaya ya Kilwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara zina nafasi ambayo wenzao hawana. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalishwa 2004, ya Mnazi Bay inachakatwa Madimba, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo hayo haufuati msimu wa korosho. Fedha ya namna hii, isiyokauka Februari, ingefaa kufungwa kwa matumizi ya afya ya kila mwezi: mafuta ya gari la wagonjwa, posho ya chanjo ya mkoba, matengenezo ya boti kwa watu wa visiwani ambao rufaa yao huanzia majini. Ruangwa au Newala haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi huo. Kilwa inaweza, na wananchi wake wana haki ya kuuliza.

Nisingependa msomaji adhani kwamba naona udhaifu tu. Julai 2022 watumishi wa afya wa kata ya Mbekenyera, Ruangwa, waliona wagonjwa wenye homa, uchovu, maumivu ya kichwa na kutokwa damu puani. Hawakuandika malaria na kuwarudisha nyumbani. Walitoa taarifa, taarifa ikapanda wilayani, mkoani na wizarani, na timu ya wataalamu ikateremka. Katika muda wa wiki mbili hivi Serikali ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotokana na bakteria wanaoenezwa na mkojo wa wanyama. Waliopatikana na ugonjwa walikuwa 20, na watu watatu walifariki dunia. Huzuni ya familia hizo haipunguzwi na ninachosema, lakini bila mtumishi wa chini kabisa aliyeshtuka idadi ingeweza kuwa nyingine. Huduma ya afya ya serikali za mitaa ikifanya kazi inafanana na hivyo: mtu wa kata, mwenye macho, mwenye simu yenye salio na bosi anayepokea. Haina jengo la kuzindua. Gharama yake ni ndogo na inatakiwa iwepo mwezi wowote.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za 1982 kwa sababu nchi iligundua kwamba mambo ya kata hayaendeshwi vizuri kutoka mbali. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni yake ni kuwapelekea wananchi madaraka. Kama kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua, ni kwamba Tandahimba ina fedha Novemba na ina homa Aprili. Diwani wa Tandahimba analijua tangu utotoni. Anapokaa kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji akapitisha mpango kabambe wa afya ambao ungeweza kuwa wa wilaya yoyote nchini, anaacha nyumbani kitu pekee ambacho uchaguzi ulimpa juu ya wataalamu, yaani kuijua nchi yake.

Maombi yangu kwa mabaraza ya mikoa hii miwili, kuelekea msimu ujao, ni machache. Dawa ya viluwiluwi ilipwe kutoka minada miwili ya kwanza na ipulizwe kabla ya mvua. Sehemu ya ushuru itengwe kwa azimio la baraza kwa ajili ya dawa, mafuta na madereva wa Machi hadi Juni. Uandikishaji wa bima uhamie kwenye vyama vya msingi wakati wa malipo. Na kila chama cha msingi kina ubao ambako bei za kila mnada hubandikwa, na hakuna tangazo linalosomwa na watu wengi kama lile. Chini ya bei, karani abandike karatasi ya pili: ushuru uliotokana na korosho ya kijiji hiki ni kiasi gani, na kilichokwenda kwenye zahanati ya kijiji hiki ni kiasi gani. Mkurugenzi anazo namba zote mbili.